Mugutha: Wapangaji walio chini ya ploti

Ukitaka kuujua udongo wa Mugutha, usiende shambani. Nenda mahali wanapochimba msingi wa nyumba. Majuzi nilisimama kando ya mtaro mmoja hapa mtaani, vijana wamezama ndani hadi mabegani, nikawa nautazama ukuta wake kama mtu anayesoma gazeti lililobandikwa dukani. Juu kabisa palikuwa na tabaka la kahawia iliyokolea, unene wa kiganja na nusu hivi, limejaa vijizizi vyembamba kama uzi wa kushonea. Chini yake wekundu mtupu, unaong'aa pale koleo lilipopita. Chini zaidi, murram, mawe yenye rangi ya kutu ambayo sululu ikiyagonga hutoa cheche. Kijana mmoja aliniuliza kama kuna kitu nimepoteza. Nikamwambia natazama udongo. Wote wakacheka, na koleo lililofuata likarusha wekundu juu ya lile tabaka la kahawia. Jioni lori likaja, likamwaga murram juu ya kila kitu.

Kile kiganja na nusu kilichofukiwa ndicho chenye uhai. Kijiko kimoja cha chai cha udongo wa aina hiyo, ukiwa na afya, kinaweza kubeba bakteria bilioni moja, achilia mbali kuvu ambazo nyuzi zake zikinyooshwa hupimwa kwa mita. Katika mtaa ambao kila mwenye ploti anawaza vyumba vya kupangisha, hao ndio wapangaji wakongwe kuliko wote. Hakuna anayewagongea mlango tarehe tano, na hakuna anayejua wanakula nini.

Mugutha ipo kati ya mji wa Ruiru na Juja, katika kaunti ya Kiambu, nje kidogo ya barabara kuu ya Thika. Tangu barabara hiyo ilipomalizika kupanuliwa mwaka 2012, mashamba ya huku yamekatwakatwa hadi kuwa ploti za hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa 100. Madalali huiita thumuni ya ekari. Ukipiga hesabu utaona haifiki, lakini hilo ni la wakili wako. Baada ya nyumba, tangi la maji, choo na mahali pa kuegesha gari, panabaki kipande cha sukuma wiki nyuma na mistari michache ya mahindi kando ya ua. Walio na ekari nzima bado wapo, na ndio wanaotuuzia maziwa na mayai.

Kwa upande wa udongo, tupo mpakani. Ukipanda kuelekea Githunguri na Gatundu unaingia nchi ya udongo mwekundu wenye kina, ule wa kahawa na chai, ambao wataalamu wanauita nitisoli. Ukishuka kuelekea Juja unakutana na udongo mweusi wa pamba, unaokuvua gambuti wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Huku kwetu aina zote mbili zinaweza kukutana kwenye njia moja ya mtaani, na murram ikachungulia katikati. Ndiyo maana ushauri wa jumla, ule wa "ekari moja, mfuko mmoja wa mbolea ya DAP", hunipa wasiwasi kila ninapousikia redioni. Ekari ya nani?

Tena ploti nyingi zina historia ambayo haimo kwenye hati ya kumiliki ardhi. Ruiru ni mji wa kahawa. Kituo cha utafiti wa kahawa, ambacho sasa kipo chini ya shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, kimekuwa hapa tangu miaka ya 1940, na mwaka 1985 kilitoa aina ya kahawa iliyobeba jina la mji wenyewe, Ruiru 11. Aina hiyo ilizalishwa ili istahimili ugonjwa unaoozesha buni mtini, pamoja na kutu ya majani. Kabla yake, mkulima alikuwa akitegemea zaidi dawa za shaba. Mashamba yalipulizwa shaba msimu baada ya msimu, miaka nenda miaka rudi. Sasa shaba haiozi. Huteremka na mvua, ikashikwa na udongo wa juu, ikatulia hapo. Watafiti waliopima mashamba ya kahawa ya Kenya miaka ya 1980 waliikuta imejirundika. Ikizidi, haichagui: inaangamiza kuvu mbaya na kuvu njema, na nyungunyungu huhama. Ukinunua ploti iliyokatwa kutoka shamba la zamani la kahawa, pamoja na kuuliza kuhusu maji na stima, uliza pia miti ile iling'olewa mwaka gani, na siku utakapopima udongo, waambie maabara wakutazamie shaba.

Nirudi kwa DAP, maana ndiyo inayouzwa katika kila agroveti kutoka Ruiru hadi Thika. Wengi wetu tunaamini mbolea ya dukani ni chakula cha mmea, kwamba ukiitia shimoni mahindi yanafungua mdomo. Sehemu kubwa yake hupitia tumbo la kiumbe mwingine kwanza. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfati. Ile naitrojeni huja katika sura ya amoniamu. Bakteria wa udongo huikamata, huigeuza kuwa naitreti, na katika kazi hiyo huacha asidi. Kwa hiyo anayesema DAP inaharibu udongo kwa asidi yake hajakosea sana, ila amemsahau mfanyakazi: asidi nyingi hutengenezwa na bakteria wakila tulichowapa sisi. Wape hicho hicho kila msimu kwa miaka ishirini, bila chokaa na bila samadi, na nyumba wanayoishi itachacha.

Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, mambo mawili hutokea kwenye udongo wetu mwekundu. Aluminiamu iliyokuwa imelala huyeyuka na kuchoma ncha za mizizi. Na ile fosfati uliyoilipia hukamatwa na chuma na aluminiamu, ikafungwa mahali ambapo mzizi hauwezi kuifungua. Mahindi yanatoa majani yenye rangi ya zambarau, mkulima anaona njaa, anaongeza mfuko wa pili. Nimewaona watu wakifanya hivyo misimu mitatu mfululizo, wakilaani mbegu, kumbe walichohitaji ni chokaa ya shamba. Chokaa nayo ina masharti yake. Huchanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, haitiwi shimo moja na mbolea siku moja, na haitiwi kabisa kama hujapima, kwa sababu kwenye udongo mweusi wa upande wa Juja huenda huihitaji hata kidogo.

Serikali nayo imekuwa ikipigana vita vya bei. Baada ya mfuko kuvuka shilingi 6,000 sokoni, mwaka 2022 ruzuku iliushusha hadi 3,500, na mwaka uliofuata hadi 2,500. Kisha ikaja 2024, mifuko iliyopitia mpango huo ikakutwa ni ya kiwango duni, na hoja ya kumng'oa Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, ikafika Bungeni kabla ya kuangushwa na kamati. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, Nairobi ikawapokea viongozi wa Afrika kwa mkutano wa mbolea na afya ya udongo. Linganisha na mkutano wa kwanza, ule wa Abuja wa 2006. Kule walizungumza kilo: kilo 50 za virutubisho kwa kila hekta ifikapo 2015. Iliwachukua miaka kumi na minane kuliingiza neno "udongo" kwenye jina la mkutano.

Sitaki msomaji adhani naipinga mbolea ya dukani. Ninachopinga ni kuimwaga kwa kukisia. Kuna kipimo cha wanakijiji ambacho ni kizuri kuliko mashine nyingi: kifuniko cha soda. Kifuniko kimoja kikijaa sawasawa bila kufurika kinabeba gramu tano au sita za mbolea ya punje. Ukipanda mahindi sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo yapata 10,800. Kifuniko kimoja kwa shimo, unamaliza mfuko mmoja na kidogo. Kwa ploti ya hamsini kwa mia, hata ungepanda mahindi hadi mlangoni, hungemaliza kilo nane. Tia mbolea, funika kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu juu, zisigusane. Anayerusha kwa mkono kando ya shina halishi mahindi yake. Analisha magugu, na mvua ya kwanza hubeba salio hadi mtoni.

Sasa samadi, ambako nilichomeka mwenyewe. Kiambu ni kaunti ya kuku, na huku kwetu huwezi kutembea dakika kumi bila kusikia banda. Miaka michache iliyopita nilinunua magunia sita ya samadi ya kuku kwa mfugaji mmoja, ikiwa bado ina joto, nikaichimbia chini ya miche ya sukuma siku hiyo hiyo, nikajipongeza kwa kuachana na viwanda. Siku ya nne kingo za majani zilikuwa zimekauka kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Shosho mmoja jirani alipita, akasimama, akanusa.

"Kijana wangu, hiyo haijalala," akasema. "Ya ng'ombe unaweza kuibembeleza. Ya kuku lazima ilale."

Nikamuuliza ilale muda gani.

"Mpaka iache kunuka kuku, inuke msitu."

Sijawahi kusikia maelezo bora ya kuoza kwa mboji, na nimesoma mengi. Samadi mbichi ya kuku ina naitrojeni nyingi mno kwa kaboni iliyomo, kwa hiyo bakteria wanaachia amonia, na amonia pamoja na chumvi ndizo zilizonichomea sukuma. Mabua ya mahindi yana tatizo lililo kinyume: kaboni sehemu sitini hivi kwa sehemu moja ya naitrojeni. Ukiyachimbia makavu, bakteria wataikopa naitrojeni ya udongo ili wayamalize, na mazao yako yatageuka manjano wakati wao wanakula. Kila kimoja ni dawa ya mwenzake. Kwa bahati samadi ya mabanda ya kuku huja imechanganyika na maranda ya mbao, nusu ya kazi imefanyika. Panga tabaka la mabua au majani makavu, tabaka la samadi, nyunyiza maji mpaka ukifinya mkononi upate tone moja tu, funika kwa gunia au majani ya ndizi. Chomeka kijiti kirefu hadi katikati ya lundo. Baada ya siku chache kitoe. Kikiwa na moto hata kukishika ni shida, wapangaji wako kazini. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi na kinanuka vibaya, lundo limekosa hewa, ligeuze. Miezi miwili hadi mitatu, na lile neno la shosho linatimia.

Wasioweza kungoja wana njia nyingine, na imefanyiwa kazi kwenye barabara hii hii tunayopandia matatu. Taasisi ya wadudu ya icipe, pale Kasarani, iliyoanzishwa mwaka 1970, imekuwa ikifuga nzi askari mweusi. Watafiti wake walilisha mabuu wa nzi hao machicha ya bia, na kilichobaki kikawa mbolea iliyokomaa kwa muda wa wiki tano hivi. Mabuu wenyewe wanaliwa na kuku. Mtu wa Mugutha mwenye kuku, taka za jikoni na pua isiyochagua sana anaweza kuufunga mzunguko huo ndani ya ploti yake, ingawa nashauri kwanza uzungumze na mpangaji wa chumba cha nyuma.

Je, samadi peke yake inatosha? Hapa watetezi wa kilimo hai, ambao Juja wana makao ya zamani kwa sababu chuo cha kilimo hai cha KIOF kilianzishwa mwaka 1986, huwa wananiona msaliti. Thika kuna majaribio ya muda mrefu yaliyoanza mwaka 2007, yakiendeshwa na taasisi ya Uswisi ya FiBL kwa kushirikiana na icipe na KALRO, na pacha wake yupo Chuka. Upande mmoja unapewa mbolea na dawa za dukani, upande wa pili mboji, fosfati ya mawe na matandazo, na kila upande una kiwango cha juu na cha chini. Matokeo hayakumpa yeyote ushindi wa kelele. Miaka ya mwanzo upande wa dukani ulitangulia kwa baadhi ya mazao. Kufikia mwaka wa tano na wa sita, mfumo hai wa kiwango cha juu ulikuwa umeufikia kwa faida na kuupita, kwa msaada wa gharama ndogo na bei nzuri ya soko la mazao hai, na udongo wake ulikuwa umepoa asidi. Lakini tazama lile neno "kiwango cha juu". Ni mboji nyingi. Mkulima wa kilimo hai aliyetia kidogo alivuna kidogo, sawa na mwenzake wa dukani aliyetia kidogo. Bakteria hawali imani.

Kabete kuna majaribio makongwe zaidi, yalianza mwaka 1976 kwenye udongo mwekundu kama ule wa mgongo wa Ruiru. Mahindi na maharagwe, mwaka baada ya mwaka, kwingine bila kitu, kwingine mbolea, kwingine samadi, kwingine mabua yamerudishwa shambani. Kaboni ya udongo, ambayo ndiyo ugali wa viumbe hawa, imeshuka kila mahali. Imeshuka polepole zaidi pale palipopata vyote vitatu pamoja: samadi, mbolea ya dukani na mabua. Ukinilazimisha nichague upande, nachagua hicho kipande cha Kabete.

Mabua yenyewe ndiyo shida. Huku kwetu bua la mahindi lina wateja watatu kabla ya udongo: ng'ombe, jiko, na kiberiti cha mtu anayetaka shamba lionekane safi. Wa kwanza simlaumu, kwa sababu hurudisha samadi. Wa tatu namlaumu. Kwa asiye na mabua, kuna ua wa maruru, ile alizeti mwitu yenye maua ya manjano inayojiotea kando ya barabara. Majani yake makavu yana naitrojeni ya asilimia 3.5 hivi na potasiamu kuzidi asilimia 4, na huoza upesi. Katakata mabichi, chimbia wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Ni mbolea ambayo kaunti inawalipa watu waifyeke.

Lipo jambo moja la wapangaji hawa unaloweza kuliona kwa macho bila darubini. Maharagwe yakianza kutoa maua, chagua shina moja. Usiling'oe, lichimbe kwa jembe na bonge lake, uoshe mizizi kwenye ndoo. Utaona vinundu vidogo kama punje za mtama. Chukua kimoja, kipasue kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, humo mna bakteria aina ya rhizobia wanaonasa naitrojeni ya hewani na kumpa mmea. Wekundu huo ni ndugu wa damu yako, una chuma kama yake na unabeba oksijeni vilevile. Kikiwa cheupe au kijani, mkataba umevunjika. Na ukikosa vinundu kabisa, pengine bakteria wa aina hiyo hawapo, au udongo una asidi, au umetia naitrojeni nyingi hata mmea ukaona hakuna haja ya kumlisha mgeni. Maharagwe ya kawaida ni mavivu katika kazi hii kuliko kunde na soya, kwa hiyo usitegemee miujiza. Lakini pakiti ya rhizobia inapatikana: Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Kabete, kilianza kuitengeneza miongo kadhaa iliyopita, na kampuni ya MEA ya Nakuru huiuza kwa jina la Biofix. Pakiti ya soya si ya maharagwe, soma jina la zao. Paka mbegu kivulini kwa maji ya sukari kidogo ili poda ishike, panda siku hiyo hiyo, funika mara moja. Jua linawaua.

Nimeitaja pakiti hiyo kwa jina kwa sababu nyingine nyingi siwezi kuzitetea. Rafu za agroveti zimejaa chupa zinazoahidi bakteria hai, vimeng'enya, viamsha udongo, vyote kwa picha ya mhindi mrefu kuliko nyumba. Mwaka 2009 ulianza mradi ulioitwa COMPRO, uliopima bidhaa zaidi ya 100 za aina hii zilizokuwa sokoni Kenya, Nigeria na Ethiopia. Zilizothibitika kufanya kazi zilikuwa chache, na zilizoongoza ni hizo za rhizobia kwa jamii ya kunde. Si ajabu. Fikiria kiumbe aliyelelewa kwenye chupa, akakaa miezi juani dirishani mwa duka, kisha anamwagwa katikati ya wenyeji bilioni kadhaa waliozaliwa hapo. Atapangishwa na nani? Sisemi zote ni maji matupu. Hapo Thika kampuni ya Real IPM imekuwa ikiuza kuvu kama Trichoderma, na wakulima wa maua si watu wa kununua maji. Lakini kabla ya kutoa elfu mbili kwa chupa, muulize muuzaji imesajiliwa wapi, inaisha muda lini, na imehifadhiwa kwenye baridi au la. Akikuonyesha picha ya mhindi, rudisha pesa mfukoni.

Na sasa kitu ambacho sijawahi kumsikia bwana shamba akikisema, ingawa kipo kwenye vitabu vyao. Mimea mingi duniani ina ushirika na kuvu za mizizini ziitwazo maikoraiza. Nyuzi zake hutoka nje ya mzizi, zikaingia kwenye vijitundu ambako mzizi haupiti, zikaleta fosfati, na mmea ukazilipa sukari. Kwenye udongo wetu mwekundu unaoficha fosfati, huo ni msaada mkubwa. Mahindi yanao, vitunguu vinao, na maharagwe, kunde, managu na nyanya pia. Lakini jamii ya kabeji haiupokei ushirika huo, na sukuma wiki ni ya jamii hiyo. Spinachi yetu ni vilevile, na terere pia, kwa kawaida. Sasa tembea nyuma ya nyumba za Mugutha, Kimbo, Juja, uhesabu kilichopandwa. Sukuma, spinachi, terere. Terere, spinachi, sukuma. Mwaka mzima, kitalu kile kile. Bila kujua tumechagua mboga tatu ambazo hazilishi kuvu hizo, tukazilaza njaa misimu kumi, halafu siku tukipanda mahindi hapo tunashangaa kwa nini yanadumaa na mbolea tumetia. Dawa yake haiuzwi: baada ya sukuma panda maharagwe, kunde au kitunguu, na usimimine fosfati nyingi, kwa sababu mmea ulioshiba fosfati humfukuza mshirika wake.

Vibanda vya nailoni vilivyochakaa ambavyo utaviona huku vikiwa mifupa mitupu ni hadithi ya kosa hilo hilo la kurudia zao moja. Nyanya juu ya nyanya, msimu juu ya msimu, mpaka bakteria wa mnyauko akajimilikisha udongo wote. Waliobaki sokoni ni waliokubali kuzungusha mazao au kuunganisha miche juu ya shina la mtunguja wa porini.

Yote haya hayana maana kama hujui una nini chini. Chukua jembe na ndoo safi, isiyowahi kubeba mbolea. Tembea shambani kwa kupindapinda, chimba mahali kumi na tano au ishirini, kina cha sentimita 20, ukikwepa lundo la samadi, njia na kando ya ua. Changanya, toa mawe, chukua nusu kilo, anika kivulini. Andika kwenye mfuko ploti ilikuwa na nini zamani na unataka kupanda nini. Kama sehemu moja ni nyekundu na nyingine nyeusi, hiyo ni mifuko miwili. Maabara ya KALRO pale Kabete, kando ya Waiyaki Way, hupokea sampuli za wakulima, na zipo maabara za watu binafsi pia. Usiende mwezi wa tatu mvua ikishaanza kunyesha, utakuta foleni na chokaa haitakuwa na muda wa kufanya kazi. Nenda Januari.

Na wewe unayejenga: kabla lori la murram halijafika, waambie vijana wakusanye kile kiganja na nusu cha juu pembeni, wakifunike kwa turubai. Ni kazi ya asubuhi moja, na hakuna duka Ruiru linaloweza kukuuzia kingine.